Kusikiliza ardhi kwa mkongo wa faiba: mwongozo kamili wa kuchagua mipangilio ya kurekodi

Mwezi Machi mwaka 2018, katika Ghuba ya Monterey huko California, watafiti walipewa mkongo wa baharini wa MARS kwa siku nne, wakati vifaa vya kisayansi unavyovihudumia vilipokuwa vimezimwa kwa ajili ya matengenezo. Katika siku hizo Nate Lindsey na wenzake, Craig Dawe na Jonathan Ajo-Franklin, waligeuza kilomita 20 za faiba ya mawasiliano kuwa safu ya vipimo karibu 10,000 vilivyoachana kwa takribani mita mbili. Walinasa tetemeko dogo lililotokea karibu na mji wa Gilroy, na kutokana na namna mawimbi yake yalivyotawanyika wakatambua maeneo ya mipasuko chini ya bahari ambayo hayakuwa kwenye ramani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science.

Ninaanza na kazi hiyo kwa sababu inaonyesha mazingira ambamo mipangilio huchaguliwa katika hali halisi. Mwenye mkongo anakupa muda mfupi, tetemeko haliji kwa miadi, na kilichorekodiwa kwa mpangilio mbaya hakirekodiwi tena. Baadhi ya maamuzi yanaweza kurekebishwa baadaye ofisini kwa kuchakata data upya, lakini urefu wa geji (kipande cha faiba kinachopimwa kwa pamoja), upana wa mpigo wa mwanga na kasi ya kupiga mipigo huingia ndani ya data tangu sekunde ya kwanza na hazitoki. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja: anza na wimbi unalolitafuta, kisha uipangie mashine kulingana nalo, na pale unapolazimika kuchagua bila uhakika, chagua upande ambao bado unaweza kurekebishwa.

Ninamwandikia mwanafunzi wa jiofizikia, mhandisi wa mawasiliano aliyeombwa kutoa faiba isiyotumika, na mtaalamu wa matetemeko anayepokea kisomaji, yaani mashine inayotuma mwanga ndani ya faiba na kuusoma unaporudi, kwa mara ya kwanza. Teknolojia yenyewe hujulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, DAS (distributed acoustic sensing).

Kinachopimwa hasa

Kisomaji hutuma ndani ya faiba mpigo mfupi wa mwanga wa leza, kwa kawaida wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Kioo cha faiba, hata kiwe safi namna gani, kina tofauti ndogo mno za msongamano ambazo hutawanya sehemu ndogo ya mwanga huo na kuirudisha ulikotoka. Huo ndio mtawanyiko wa Rayleigh. Kwa kuwa mwanga husafiri ndani ya kioo kwa takribani kilomita 204,000 kwa sekunde, muda unaopita kati ya kutuma na kupokea hutuambia mwanga umerudi kutoka umbali gani. Ardhi inapotikisika, faiba iliyoshikamana nayo hurefuka na kufupika, na fezi ya mwanga unaorudi, yaani mahali wimbi la mwanga lilipofika katika mzunguko wake, hubadilika.

Fezi ya nukta moja peke yake haina maana kubwa. Kinachohitajika ni tofauti ya fezi kati ya nukta mbili zilizoachana kwa umbali uliowekwa, na umbali huo ndio urefu wa geji. Tofauti hiyo hutupa mnyumbuko, yaani kiasi ambacho kipande cha faiba kimerefuka au kufupika kikilinganishwa na urefu wake, ukiwa ni wastani wa kipande chote. Katika faiba ya kawaida, radiani moja ya fezi kwenye geji ya mita 10 ni sawa na mnyumbuko wa takribani sehemu 11 katika bilioni. Kwenye geji ya mita 50, radiani hiyo hiyo inawakilisha sehemu 2.2 tu. Zishike namba hizi mbili, kwa sababu karibu kila mvutano utakaojitokeza hapa chini unatokana nazo.

Hatua ya kwanza: lijue wimbi kabla ya kuigusa mashine

Andika kwenye karatasi masafa ya chini na ya juu unayoyataka, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (Hz), pamoja na kasi ambayo wimbi litaonekana kusafiri nayo kando ya kebo. Kasi hiyo ni tofauti na kasi ya wimbi ndani ya mwamba. Wimbi linalopanda kutoka chini kabisa hufika kwenye sehemu kubwa ya kebo karibu kwa wakati mmoja, hivyo huonekana kwenda kasi mno, ilhali wimbi la juu ya ardhi linalofuata mwelekeo wa kebo huonekana kwa kasi yake halisi, ambayo kwenye udongo laini inaweza kuwa mita mia chache tu kwa sekunde. Gawanya kasi hiyo kwa masafa ya juu kabisa unayoyataka, nawe utapata urefu wa wimbi fupi kuliko yote utakayopaswa kulihifadhi.

Chukua mfano ambao tutaufuata hadi mwisho. Tuna faiba ya kilomita 40 iliyozikwa kando ya barabara kuu, na tunatafuta matetemeko madogo ya karibu yenye masafa ya Hz 1 hadi 10. Mawimbi ya juu ya ardhi mahali hapo yanakwenda kwa mita 400 kwa sekunde. Wimbi letu fupi zaidi lina urefu wa mita 40.

Kumbuka pia kwamba faiba iliyonyooka husikia mtikisiko unaokwenda sambamba nayo tu. Wimbi la mgandamizo linaloijia kwa pembe ya mraba haliirefushi hata kidogo, na hakuna mpangilio wa mashine utakaoirudishia kebo uwezo huo. Ramani ya njia ya kebo, pamoja na kona zake zote, iwe mezani tangu siku hii.

Hatua ya pili: ikague faiba

Omba picha ya faiba nzima kutoka OTDR, kifaa kinachoonyesha mahali mwanga unapopotea au kuakisiwa, na uisome wewe mwenyewe. Faiba nzuri hupoteza takribani desibeli 0.2 kwa kilomita katika nanomita 1550, na kwa kuwa mwanga wetu huenda na kurudi, hasara halisi ni desibeli 0.4 kwa kilomita. Katika kilomita 40 tunapoteza desibeli 16 kabla hata ya kuhesabu maungio na viunganishi. Tafuta ngazi za ghafla zinazoonyesha maungio mabaya, na tafuta zaidi miiba mirefu inayoonyesha mwanga unaoakisiwa kwa nguvu. Mwiko mkubwa ni kuchanganya viunganishi: kile cha kijani kimekatwa kwa pembe ya digrii 8 ili mwakisiko usirudi kwenye mashine, na kile cha buluu kina uso usio na pembe hiyo. Ukiviunganisha pamoja, nyuso mbili hazikutani vizuri, mwanga mwingi unapotea na mwingine unaakisiwa, na chaneli zinazofuata, yaani nukta za kipimo kando ya faiba, huharibika. Kila kiunganishi kisafishwe na kutazamwa kwa darubini kabla ya kuchomekwa, kwa sababu chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu kazi ya wiki nzima.

Kama faiba yako ni ya mkongo wa baharini wa masafa marefu, kama vile SEACOM na TEAMS iliyofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 au EASSy iliyofuata mwaka 2010, jua kwamba utasoma hadi kwenye kikuza mwanga cha kwanza tu. Vikuza hivyo hupitisha mwanga upande mmoja, na mwanga unaorudi nyuma huishia hapo. Hata hivyo, kilomita kadhaa za mwanzo kutoka ufukweni ni hazina ambayo vituo vya kawaida vya matetemeko haviwezi kuifikia kwa gharama ndogo, na ninatamani sana kuona wataalamu wa Mombasa na Dar es Salaam wakiitumia.

Hatua ya tatu: urefu wa geji

Hapa ndipo data nyingi huharibikia, kwa hiyo tukae hapa kwa muda.

Kisomaji kina kelele yake ya fezi, ambayo haibadiliki sana geji ikirefushwa. Mabadiliko ya fezi yanayoletwa na wimbi refu, kwa upande mwingine, hukua sawia na geji. Geji ikiongezwa mara mbili, ishara huongezeka karibu mara mbili ilhali kelele imebaki pale pale. Ndiyo maana mtu anayeona data yake imejaa kelele hushawishika kurefusha geji, na kwa kitambo data huonekana kupendeza.

Gharama yake hujificha kwenye mawimbi mafupi. Geji hupima wastani, na wimbi ambalo urefu wake ni sawa na geji huwa na nusu inayovuta na nusu inayobana ndani ya kipande kimoja, hivyo wastani wake ni sifuri: wimbi hilo hutoweka kabisa. Kabla ya kufikia hapo, hupungua hatua kwa hatua. Wimbi lenye urefu mara nne ya geji hubaki na asilimia 90 ya ukubwa wake, na lenye urefu mara mbili ya geji hubaki na asilimia 64. Mawimbi mafupi kuliko geji hurudi tena yakiwa madogo na, kwa sehemu, yakiwa yamepinduliwa, mvuto ukionekana kuwa mgandamizo. Mtu asiyejua jambo hili anaweza kutafsiri upinduaji huo kana kwamba ni tabia ya chanzo cha tetemeko.

Turudi kwenye mfano wetu. Wimbi fupi lina mita 40. Geji ya mita 10 italihifadhi kwa asilimia 90. Geji ya mita 20 italishusha hadi asilimia 64. Geji ya mita 40 italifuta lote, na kwenye picha ya masafa utaona shimo jeusi katika Hz 10, mahali ambapo mchambuzi asiye na taarifa atasema kwamba ardhi ya hapo haina nguvu katika masafa hayo. Kwa kasi tofauti, shimo huhama: mawimbi ya kasi ya mita 2,000 kwa sekunde kwenye geji hiyo hiyo ya mita 40 hufutika katika Hz 50, mbali na eneo letu. Ndiyo kusema geji moja inaweza kuwa nzuri kwa wimbi la kwanza la tetemeko na mbaya kwa mawimbi ya juu ya ardhi yanayolifuata dakika hiyo hiyo.

Kanuni ninayoipendekeza ni geji isiyozidi robo ya wimbi fupi unalolihitaji. Kwa mfano wetu, ni mita 10. Kama unatafuta mawimbi marefu tu, kwa mfano matetemeko ya mbali au mawimbi ya bahari yanayopita juu ya mkongo, geji ya mita 30 au 50 ni uamuzi wa busara, kwa kuwa huhitaji mawimbi mafupi na unahitaji sana utulivu wa kelele.

Ukiwa na shaka, rekodi kwa geji fupi. Vipande vya geji fupi vinavyofuatana bila kupishana vinaweza kujumlishwa baadaye ili kuunda geji ndefu, na katika visomaji vinavyohifadhi fezi ya kila nukta hesabu hiyo haipotezi chochote. Kinyume chake hakiwezekani kwa uhakika. Waulize watengenezaji wa kisomaji chako swali hili moja kwa moja, kwa maandishi: je, geji huwekwa na vifaa vya mwanga vilivyo ndani ya mashine, au na programu? Jibu lake litaamua ni kiasi gani cha uhuru ulichonacho.

Hatua ya nne: upana na nguvu ya mpigo

Mpigo wa nanosekunde 100 huchukua mita 20 za faiba, na kwa sababu mwanga huenda na kurudi, hauwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko mita 10. Mpigo mpana hubeba mwanga mwingi zaidi na kufika mbali ukiwa na ishara bora, lakini hakuna faida ya kuweka geji ya mita 5 huku mpigo wenyewe ukichanganya mita 10. Hakikisha upana wa mpigo, ukigeuzwa kuwa mita kwa hesabu hiyo ya nanosekunde 10 kwa mita moja, hauzidi geji. Visomaji vinavyotuma mpigo mrefu ambao masafa yake ya mwanga hupanda taratibu, kisha kuubana kwa hesabu, havifungwi na kanuni hii. Kwa hivyo soma mwongozo wa mashine yako kabla ya kuitumia.

Nguvu ya leza nayo ina kikomo chake. Ukiizidisha, mwanga huanza kubadilika ndani ya kioo chenyewe na sehemu yake kuhamia kwenye masafa mengine ya mwanga, hivyo mwisho wa kebo hupungukiwa. Dalili yake ni ya wazi: kila unapopandisha nguvu, kilomita za mwanzo zinaboreka, na kilomita za mbali zinazidi kuwa mbaya. Ukiona hivyo, shusha nguvu hatua kwa hatua huku ukitazama kelele ya kilomita za mwisho, wala usitazame zile za mwanzo.

Hatua ya tano: kasi ya kupiga mipigo

Mwanga huchukua mikrosekunde 10 kwenda na kurudi katika kila kilomita. Faiba ya kilomita 40 inahitaji mikrosekunde 400, hivyo kasi ya juu kabisa ni mipigo 2,500 kwa sekunde, na ni vyema kuacha nafasi kidogo na kupiga 2,000. Hesabu hii ifanywe kwa urefu wote wa faiba iliyounganishwa, hata kama unakusudia kurekodi sehemu ya mwanzo tu. Hili hukosewa mara nyingi. Mtu mwenye faiba ya kilomita 60 anayetaka kilomita 20 za mwanzo huweka mipigo 5,000 kwa sekunde, kwa kuwa ndiyo inayotosha kilomita 20. Lakini mwanga hauambiwi usimame pale. Unaendelea hadi kilomita ya 60, na unaorudi kutoka huko hufika wakati mpigo unaofuata unasomwa, ukapandana na chaneli za karibu. Matokeo yake ni mitikisiko mizimu: gari linalopita kilomita ya 25 linaonekana pia hafifu kwenye kilomita ya 5. Ama punguza kasi, ama ikate faiba kimwanga mahali unapotaka iishie.

Kwa nini basi tutake kasi kubwa, ilhali masafa yetu hayazidi Hz 10? Sababu ya kwanza ni kelele. Mipigo mingi zaidi ikichukuliwa na kuchujwa vizuri, kelele ya vifaa vya mwanga hutapakaa kwenye eneo pana la masafa na sehemu kubwa yake huondolewa na chujio.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Fezi ni pembe, na mashine haiwezi kutofautisha pembe fulani na pembe hiyo hiyo iliyoongezewa mzunguko mzima. Programu hufuatilia mizunguko kwa kudhania kwamba kati ya mpigo mmoja na unaofuata fezi haijabadilika kwa zaidi ya nusu mzunguko. Ardhi ikitikisika kwa kasi kuliko hapo, programu huhesabu vibaya na rekodi huruka ngazi ambazo hazirekebishiki kwa urahisi. Tuone kwa namba. Geji ya mita 10 na mipigo 1,000 kwa sekunde huvumilia badiliko la mnyumbuko la takribani sehemu 34 katika milioni kwa sekunde. Sasa tetemeko linaitikisa ardhi kwa kasi ya milimita moja kwa sekunde katika Hz 5, na mawimbi yake yanaonekana kwenda kwa mita 500 kwa sekunde. Mnyumbuko wake ni sehemu 2 katika milioni, na kasi yake ya kubadilika hufikia sehemu 63 katika milioni kwa sekunde. Rekodi imeharibika, na hilo si tetemeko kubwa. Kwa mipigo 2,000 kikomo kinapanda hadi karibu 68, tukapona kwa nafasi ndogo. Kwa geji ya mita 50 na mipigo hiyo hiyo 2,000, kikomo kingeshuka hadi chini ya 14.

Kwa hiyo geji ndefu na kasi ndogo, mipangilio ambayo huzaa picha tulivu siku za kawaida, ndiyo inayopoteza tetemeko la karibu siku linapotokea. Anayefunga kisomaji kwa ajili ya tahadhari ya matetemeko na asifanye hesabu hii, anajiandaa kukosa tukio alilolisubiri.

Hatua ya sita: nafasi kati ya chaneli

Chaneli zinaweza kupangwa kwa ukaribu kuliko geji, na ndivyo ilivyo kawaida, ila zitakuwa zinapishana na kila moja haitakuwa kipimo kinachojitegemea. Nusu au theluthi ya geji inatosha. Kwa mfano wetu, mita 4 hutupa chaneli 10,000. Ukaribu wa ziada una faida moja ya kweli: baadhi ya nukta za faiba hufifia kwa sababu mianga inayorudi kutoka hapo hufutana, na ukiwa na chaneli jirani za kutosha unaweza kuziacha nukta hizo au kuzipa uzito mdogo unapofanya wastani.

Hatua ya saba: kupunguza sampuli na kuhifadhi

Chaneli 10,000, sampuli 2,000 kwa sekunde, baiti 4 kwa kila sampuli: hizo ni megabaiti 80 kwa sekunde, sawa na terabaiti 6.9 kwa siku. Ukipunguza hadi sampuli 200 kwa sekunde, utabaki na gigabaiti 691 hivi kwa siku, ambazo diski za kawaida zinazimudu.

Upunguzaji huo ufanyike katika mpangilio huu bila kubadilishwa: kwanza mizunguko ya fezi ifuatiliwe kwenye kasi kamili, kisha chujio la kuzuia masafa ya juu lipite, na mwisho sampuli za ziada ziondolewe. Bila chujio, masafa ya juu hujivika sura ya masafa ya chini na hayatambuliki tena. Aina ya chujio nayo ina uzito wake. Chujio lisilobadilisha fezi hueneza nguvu ya wimbi pande zote mbili za wakati, na mbele ya wimbi la kwanza la tetemeko huonekana mtetemo mdogo ambao ardhi haikuufanya. Mtu anayesoma wakati wa kufika kwa wimbi atausoma mapema kuliko ukweli. Kwa kazi ya kupata kitovu cha tetemeko, tumia chujio linalotazama nyuma peke yake, yaani sampuli zilizokwishapita. Na palipo na nafasi, tenga diski inayofuta data ya zamani na kuhifadhi saa chache za karibuni kwa kasi kamili, ili tetemeko likitokea uweze kurudi kwenye data asilia.

Angalia pia kipimo kinachoandikwa. Kuna mashine zinazoandika mnyumbuko, nyingine kasi ya mnyumbuko, na nyingine fezi ghafi. Namba hizo zikiandikwa kwa biti 16 bila kipimo kinachofaa, mitikisiko mikubwa hukatwa kilele.

Hatua ya nane: chumba na saa

Leza ya kisomaji husikia mtikisiko kama faiba inavyosikia. Feni na viyoyozi vya chumba cha mitambo vikiitikisa, kelele hujitokeza kwenye chaneli zote kwa wakati ule ule, na kwenye picha huonekana mistari iliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa kebo. Weka mashine juu ya sponji nzito sakafuni badala ya kwenye raki, na kama kuna nafasi acha mzingo wa faiba ya ziada ndani ya sanduku lililotulia mwanzoni mwa kebo. Chaneli za mzingo huo hazisikii ardhi, kwa hiyo chochote kinachoonekana humo ni kelele ya mashine na kinaweza kutolewa kwenye chaneli nyingine zote.

Antena ya GPS ifungwe juu ya paa, mahali inapoona anga, kabla ya kurekodi chochote. Kosa la saa haliwezi kugunduliwa kwa kutazama data ya faiba peke yake. Kituo cha kawaida cha matetemeko kilicho karibu, hata kimoja, ndicho kitakachokuonyesha kama saa yako iko sahihi.

Hatua ya tisa: jaribu mipangilio kwenye faiba yenyewe

Hesabu zote zilizotangulia hukupa mahali pa kuanzia. Faiba yenyewe ndiyo itakayosema la mwisho. Tenga usiku mmoja, saa ambazo barabara imetulia, na urekodi nusu saa kwa kila mpangilio. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: geji kwanza, kisha upana wa mpigo, kisha nguvu. Baada ya mipangilio yote, rudia ule wa kwanza. Kama kelele ya rekodi ya mwisho inatofautiana sana na ya kwanza, ujue barabara au upepo ndivyo vilivyobadilika, na ulinganisho wako wote unapaswa kufanywa upya.

Linganisha kelele kwa kilomita za mwanzo, za kati na za mwisho kila moja peke yake, na uzilinganishe zikiwa zimegeuzwa kuwa mnyumbuko, kwa sababu kulinganisha radiani za geji mbili tofauti hakuna maana. Kisha rekodi saa moja mchana, magari yanapopita, ili upate mawimbi ya kweli ya juu ya ardhi. Kutoka kwenye rekodi hiyo pima kasi yao. Mara nyingi itatofautiana na ile uliyokadiria katika hatua ya kwanza, na ukikuta ardhi ni laini kuliko ulivyodhani, kwa mfano mita 250 kwa sekunde, wimbi lako fupi ni mita 25, na geji ya mita 10 tayari ni ndefu mno. Rudi kwenye hatua ya tatu bila kusitasita.

Hatua ya kumi: gonga, pima, andika

Umbali ndani ya faiba si umbali wa ramani. Kwenye kila chemba mafundi huacha mizunguko ya akiba ya makumi ya mita, na ndani ya kebo yenyewe faiba ni ndefu kidogo kuliko ganda lake. Tembea njia nzima ukiwa na nyundo nzito na GPS ya mkononi. Kwenye kila chemba, kona na daraja, gonga ardhi mara kadhaa kwa vipindi sawa, andika saa na mahali, kisha utafute mapigo hayo kwenye data. Chaneli zinazotikisika zote kwa pamoja kwa umbo lile lile ni za mzingo wa akiba. Ziwekee alama ili zisiingie kwenye uchambuzi. Palipo na daraja au bomba lililo wazi, kebo husikia upepo na mtikisiko wa daraja au bomba kuliko ardhi, na chaneli za hapo nazo zinastahili alama.

Hatimaye, andika kwenye faili moja la maandishi, litakalokaa pamoja na data kila inakokwenda, urefu wa geji, upana wa mpigo, kasi ya mipigo, nafasi ya chaneli, kasi ya sampuli zilizohifadhiwa, aina ya chujio lililotumika, kipimo cha namba na kigezo cha kuzigeuza kuwa mnyumbuko, urefu wa jumla wa faiba, na jedwali la chaneli na mahali pake. Andika pia saa na dakika ya kila mabadiliko yaliyofanywa katikati ya kurekodi, hata yale yaliyoonekana madogo, na jina la aliyeyafanya, ili anayechambua baada ya miaka mitano ajue amuulize nani.